SOMO: KUTANDIKA ZULIA JUU YA BARAZA LA MBAO LISILO NA PAA

Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mahali kama hapo, ofisi ya chama cha msingi ikiwa na baraza la mbao lililo wazi, mbao hizo huota ukungu na kuteleza. Siku ya kupokea kahawa, baraza hubeba watu, magunia na mizani kwa pamoja. Mwanachama aliyebeba gunia akiteleza, anaweza kuvunjika mguu. Ndipo Halmashauri hushauriwa inunue zulia la nje.

Ushauri huo si mbaya, lakini mara nyingi hutolewa kwa sababu isiyo sahihi. Wengi hudhani kwamba zulia huikinga mbao. Zulia humpa mtu pa kukanyaga, mbao halizikingi. Likitandikwa vibaya huziozesha, tena kwa siri, kwa kuwa hakuna azionaye. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji unyevu. Mbao zenye unyevu usiozidi asilimia 20 haziozi, na baraza lisilofunikwa hulowa asubuhi likakauka mchana. Zulia lenye mgongo wa mpira au sifongo huyazuia maji chini yake, na ubao hukaa umelowa juma zima.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye mbao, wala si dukani. Achukuliwe fundi mwenye bisibisi, aichomeke kwenye ncha za mbao, kandokando ya misumari, na hasa mahali mbao zinapolala juu ya boriti. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza nao ubadilishwe. Boriti zikaguliwe kutoka chini, na mchwa watafutwe huko huko. Halmashauri inayofunika ubao mbovu kwa zulia jipya imemtegea mwanachama mtego, na haifai kujitetea baadaye kwamba haikujua. Nyufa kati ya mbao ziwe za milimita 5 hivi, zisafishwe matope yote, na baraza liiname kuelekea nje walau sentimita 1 kwa kila mita 1. Misumari iliyochomoza ing'olewe na mahali pake patiwe skrubu zilizopakwa zinki, kwani mbao zinazovimba na kunywea kila msimu huisukuma misumari juu.

Wakati ufaao ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Ubao unyunyiziwe matone ya maji: yakinywewa upesi, umekauka kiasi cha kupokea dawa ya kuhifadhi mbao, yakibaki juu kama shanga, ungojewe. Dawa nayo iachwe ikauke kabisa.

Zulia lifaalo ni la nyuzi za polipropilini, ambazo hazinywi maji. Zulia la katani au la pamba halifai nje hata likiwa rahisi. Hata hivyo, polipropilini huharibiwa na jua kali isipotiwa kinga kiwandani, hivyo muuzaji aulizwe jambo hilo na jibu lake liandikwe kwenye ankara. Mgongo wa zulia uwe wazi, unaopitisha maji. Njia nyepesi ya kuujaribu ni kumwagia kipande kikombe cha maji na kutazama kama yanatokea upande wa pili.

Chukuliwe mfano wa baraza la mita 6 kwa mita 2.5. Mazulia haya mara nyingi huuzwa kwa upana wa mita 2 au mita 4. Atakaye kulifunika lote bila kiungo atanunua mita za mraba 24 na kutupa 9. Akinunua la upana wa mita 2 atalipia mita za mraba 12 tu, na kila upande utabaki ukanda wa sentimita 25 usiofunikwa, ambao utaziachia mbao hewa. Njia hii ya pili ni bora kwa fedha na kwa mbao pia.

Zulia likunjuliwe juani kwa saa kadhaa ili lilale sawa. Lisipakwe gundi eneo zima, maana gundi huziba nyufa na huzuia zulia lisiinuliwe. Lishikwe kingoni kwa skrubu zenye washa pana, kila baada ya sentimita 30, na pembe zishikwe zaidi, kwa kuwa pembe iliyoinuka humkwaa mtu. Ngazi zisiwekewe vipande vya zulia visivyofungwa.

Katika hesabu, matengenezo ya mbao na ununuzi wa zulia viandikwe mbalimbali. Vikichanganywa, mwaka ujao hakuna atakayejua kama boriti zilibadilishwa kweli. Kila miezi mitatu, na mara masika yanapokwisha, Katibu afunguze upande mmoja wa zulia, bisibisi ichomekwe tena, na tarehe pamoja na hali ya mbao iandikwe katika daftari la mali ya chama.