Huduma za Afya Katika Shule ya Msingi: Wajibu wa Mwalimu wa Darasa

Shabaha ya Somo

Baada ya kusoma makala haya, mwalimu-mwanafunzi aweze: (a) kupima uwezo wa mtoto wa kuona, (b) kukagua vyoo na mahali pa kunawia mikono, (c) kuandaa siku ya dawa za minyoo na kichocho, na (d) kuzungumza na wazazi kwa namna inayojenga imani yao kwa shule.

1. Utangulizi

Shule nyingi za msingi katika Tanzania hazina muuguzi. Zahanati huenda iko kijiji cha pili, na mhudumu wake ana msururu wa wagonjwa tangu asubuhi. Mtu mzima anayewaona watoto siku tano kwa juma, akajua nani amechangamka na nani amenyong'onyea, ni mwalimu wa darasa. Kwa sababu hiyo huduma ya afya shuleni humwanzia yeye, apende asipende.

Hata hivyo, ieleweke tangu mwanzo kwamba mwalimu si mganga. Kazi zake ni nne: kuona, kuandika, kuarifu na kufuatilia. Kutaja ugonjwa na kuamua dawa si kazi yake. Dawa atakazogawa ni zile tu zinazotolewa kwa mpango wa serikali, naye awe amekwisha kufundishwa na wahudumu wa afya.

Taifa letu limewahi kuonyesha kwamba elimu na afya zaweza kutembea pamoja. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Walisoma na kutenda. Ndivyo inavyotupasa kufundisha afya hata leo.

2. Kuona na Kupima

Ukaguzi wa asubuhi usiwe wa kucha na kola peke yake. Mwalimu anapopita katikati ya mistari atazame macho mekundu yenye matongo, masikio yanayotoa usaha, upele, vidonda, na uso uliopauka. Mtoto mwenye minyoo ya safura hupungukiwa damu. Husinzia darasani na kuchoka upesi mchezoni. Mara ngapi mtoto wa namna hiyo ameitwa mvivu!

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Darasa la II anayenakili vibaya maneno ya ubaoni lakini husoma vyema kitabu kilicho mkononi. Kabla ya kumkemea, mwalimu ampime macho. Kipimo kinachofaa kwa watoto wasiojua kusoma ni chati ya herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali. Hatua zake ni hizi:

(i) Chati itundikwe penye mwanga wa kutosha, kwenye usawa wa macho ya mtoto.
(ii) Mtoto asimame mita 6 kutoka kwenye chati. Umbali upimwe kwa kamba au futi, usikisiwe.
(iii) Azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibinya, kisha aonyeshe kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea.
(iv) Apimwe jicho la pili vivyo hivyo.
(v) Matokeo yaandikwe, na mtoto aliyeshindwa apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Wakati anasubiri miwani, mtoto huyo akae dawati la mbele. Hatua hii haina gharama yoyote, nayo yaweza kumwokoa mtoto asikariri darasa. Kadhalika, mtoto anayegeuza kichwa kila anapoitwa, au asiyejibu akiwa amepewa mgongo, huenda hasikii vizuri. Naye aandikiwe barua ya kwenda zahanati.

Upimaji ufanywe kwa staha. Mwalimu asitangaze mbele ya darasa kwamba fulani ana upele au ana kifafa. Mtoto akianguka kifafa, wenzake wafundishwe kumsogezea mbali vitu vya kumwumiza, kumlaza ubavu, na kutomtia kitu chochote mdomoni. Kifafa hakiambukizi, na mtoto huyo ana haki ya kukaa dawati moja na wenzake.

3. Vyoo na Maji

Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inahitaji matundu 20 na matundu 16. Wanafunzi wa madarasa ya juu waweza kuifanya hesabu hii kwa shule yao wenyewe, kisha wakaiwasilisha kwa kamati ya shule. Hapo somo la Hisabati limekuwa somo la afya, na kamati imepata takwimu ya kufanyia kazi.

Choo bila maji ya kunawa ni nusu ya kazi. Kibuyu chirizi chatosha pale pasipo na bomba: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti wa kukingama, na kamba inayokanyagwa kwa mguu ili dumu liiname. Sabuni ifungwe kando yake. Madumu yajazwe kwa zamu, wavulana kwa wasichana, wala kazi hii isiachiwe wasichana pekee.

Wasichana waliokwisha kuvunja ungo wanahitaji faragha, maji ndani ya choo, na mahali pa kutupia taulo zilizotumika. Msichana anayekosa siku mbili tatu kila mwezi asihesabiwe kuwa mtoro kabla mwalimu wa kike hajazungumza naye kwa upole.

4. Siku ya Dawa za Minyoo na Kichocho

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliziomba nchi zenye magonjwa haya ziwafikie kwa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa kwenda shule walio katika hatari. Dawa zenyewe ni albendazole ya miligramu 400, kidonge kimoja, kwa minyoo ya tumbo, na praziquantel kwa kichocho.

Kiasi cha praziquantel hutegemea uzito wa mtoto. Kwa kuwa mizani ni adimu, hutumika fimbo ya kupimia urefu, yenye alama zinazoonyesha idadi ya vidonge. Mtoto asimame wima, bila viatu, visigino vikigusa fimbo. Asiyefikia sentimita 94 hapewi dawa kwa fimbo hiyo.

Mambo ya kuzingatia siku hiyo:

(a) Watoto wale kwanza. Praziquantel ikiingia tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo zaidi. Shule isiyo na chakula iandae uji.
(b) Mtoto mgonjwa asipewe, asubiri ushauri. Mwenye kifafa aonwe kwanza na mhudumu wa afya.
(c) Kila mtoto ameze mbele ya mwalimu, kwa maji safi. Mtoto anayelia au kukataa asilazimishwe, maana aweza kupaliwa.
(d) Watoto wabaki shuleni kwa saa chache, wakae kivulini, na mhudumu wa zahanati ajulishwe mapema awe karibu.

Mwalimu aeleze pia kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga au kuchota maji. Mayai hurudi majini kwa mkojo au choo cha mgonjwa. Mtoto aliyemeza dawa Jumatatu, akaenda kuogelea dimbwini Jumanne, ameanza safari upya.

5. Kuzungumza na Wazazi

Mwaka 2008, huko Morogoro, utoaji wa dawa ya kichocho katika shule za msingi ulizua ghasia. Uvumi kwamba watoto wamedhurika ulienea upesi, wazazi wakakimbilia shuleni kwa hofu, na kazi ikakatizwa. Tusiwacheke wazazi wale. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe amepewa vidonge asivyovijua, kisha akaambiwa watoto wanatapika, ana haki ya kukimbia. Kinga ya hofu ya namna hiyo ni mkutano wa mapema.

Mkutano ufanyike angalau juma moja kabla, mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa afya wakiwapo. Mwalimu aweza kusema hivi:

"Wazee wetu, akina mama na ndugu wazazi. Jumatano ijayo watoto watapewa dawa ya kichocho. Baadhi yao wataumwa tumbo au kuona kizunguzungu kwa saa chache, kisha hali itapita. Tunaomba kila mtoto aje amekula. Mwenye mtoto mgonjwa atuambie. Mwenye swali na aulize sasa, na siku yenyewe anakaribishwa kuja kuona."

Angalia kwamba madhara madogo yametajwa waziwazi. Mwalimu anayeficha kizunguzungu leo hataaminiwa kesho atakapoleta habari ya chanjo. Na chanjo zipo: ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Nayo imezungukwa na uvumi, na mzazi hutaka jibu kutoka kwa mtu anayemwamini.

6. Kuandika na Kufuatilia

Kila darasa liwe na daftari la afya lenye jina la mwanafunzi, tarehe, kilichoonekana, hatua iliyochukuliwa, na matokeo. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa sana. Kumwandikia mtoto barua ya kwenda zahanati ni mwanzo tu. Mwalimu aulize baada ya juma moja kama alikwenda, na kama hakwenda, kwa nini. Pengine mzazi hakuwa na nauli, pengine barua haikufika. Daftari litunzwe kabatini, kwa kuwa habari za mwili wa mtoto ni siri yake na ya wazazi wake.

Mwalimu anayefanya haya manne kwa uaminifu atakuwa amelinda mengi zaidi ya mahudhurio. Amemlinda mtoto asiitwe mjinga kwa kosa la macho yake au la damu yake iliyopungua.

Mazoezi

1. Chora chati ya herufi E, kisha pima wenzako watano. Andika matokeo katika daftari la afya.
2. Hesabu matundu ya choo yanayohitajika katika shule yako ya mazoezi, ulinganishe na yaliyopo.
3. Mzazi mmoja anakataa mtoto wake asipewe dawa. Andika mazungumzo yako naye, ukionyesha heshima na ukweli.
4. Andaa somo la dakika 40 kwa Darasa la V juu ya njia za kujikinga na kichocho, ukitumia mto au bwawa lililo karibu na shule kama mfano.