Tairi Linaloliwa Upande Mmoja: Lisome Kabla ya Kununua Jingine

Mombo ndipo barabara ya Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kutoka hapo gari hupanda kilomita 33 hivi za kona mfululizo, kutoka takriban mita 400 hadi takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Matairi yanapokwisha mapema katika njia hiyo, wenye magari huwa na majibu mawili ya haraka: ama mlima umeyala, ama muuzaji ameuza tairi bandia. Majibu hayo yanaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, ipo sababu ya tatu inayosahauliwa mara nyingi, nayo ni gari kuhitaji alaimenti. Mlaji asiyeitambua hununua tairi jipya, hulifunga mahali palepale, nalo huliwa vilevile.

Jinsi tairi linavyoliwa

Magurudumu hupangwa kwa vipimo maalumu vya kila aina ya gari. Kipimo kinachogusa zaidi uhai wa tairi ni mwelekeo wake. Tairi likielekea ndani au nje kupita kiasi, haliviringiki tu, bali huburutwa pia. Likipotoka kwa nusu digrii, husuguliwa kwenda pembeni karibu mita 9 katika kila kilomita 1; kwa safari moja ya Mombo hadi Lushoto, hizo ni karibu mita 290. Kipimo cha pili ni ulalo: tairi likiegemea upande mmoja, uzito wa gari huelemea ukingo mmoja.

Vipimo hivyo huvurugika gari linapopiga shimo au jiwe, tairodi, boljointi au bushi zinapolegea, au vipuri hivyo vinapobadilishwa bila gari kupimwa upya.

Kulisoma tairi

Kabla ya kumlaumu yeyote, tunakushauri ulitazame tairi lililochakaa:

– Likiwa limelika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, shuku alaimenti kwanza.
– Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda ndani, kisha kurudi nje. Ukihisi laini upande mmoja na makali kama ya msumeno upande mwingine, mwelekeo wa gurudumu si sahihi.
– Likiwa limelika kingo zote mbili, huenda upepo ulikuwa mdogo. Kwa matairi ya mbele, kona nyingi nazo huchangia. Hapa mlima unaweza kulaumiwa.
– Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi.
– Likiwa na mabonde mabonde, kagua shokapu na balansi.

Ukingo wa ndani ndio hujificha. Egesha gari mahali tambarare, zungusha usukani hadi mwisho, kisha mulika kwa tochi. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vya kuonyesha uchakavu, vyenye kimo cha milimita 1.6. Ukingo mmoja ukifika hapo, tairi limekwisha, hata kama upande mwingine waonekana mpya. Tairi la namna hiyo, likiteremka na abiria au mzigo wa mboga juu ya lami iliyolowa, halishiki barabara ipasavyo, na linaweza kupasuka.

Unapokwenda gereji

Alaimenti na balansi ni kazi mbili tofauti. Usukani ukitetemeka katika mwendo wa kasi, mara nyingi tatizo ni balansi. Gari likivuta upande mmoja, au usukani ukikaa upande barabara ikiwa imenyooka, pima upepo kwanza, kisha alaimenti. Usilipie moja ukidhani umepata nyingine.

Mtake fundi akague kwanza vipuri vilivyolegea, kwa kuwa alaimenti juu ya tairodi iliyochoka haidumu. Omba vipimo vya kabla na vya baada ya kazi. Fundi anayetumia uzi anaweza kurekebisha mwelekeo, lakini ulalo unahitaji vifaa zaidi. Kisha dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika.

Vipimo vikiwa sawa, upepo ukiwa sahihi, na tairi bado likavimba, likabanduka au likaisha upesi kuliko kawaida, una sababu ya kumrudia muuzaji. Lipeleke tairi lenyewe pamoja na risiti na vipimo. Msipoelewana, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC), ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Suala la ubora wa tairi lifikishe pia Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Gharama ya kupima magurudumu hulipwa mara moja. Gharama ya kutoyapima hulipwa kila tairi jipya linapofungwa. Kwa hiyo pima kwanza, ndipo ununue.