Gari la Zamani Likigoma Kuwaka: Mwongozo kwa Wanaosafiri na Kulala Garini, Tabora hadi Ujiji

Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara, jirani na Tabora, na kuishia Ujiji, leo inapitwa pia na wenye Land Rover na Hiace za zamani zilizotiwa kitanda, jiko na jokofu. Wengi huzuru tembe la Kwihara alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, kisha hushika njia ya Urambo na Kaliua. Huko miombo ni mirefu na gereji ni chache, kwa hiyo dereva ajue kulipima gari lake mwenyewe.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Washa taa kubwa, mtu azitazame, kisha geuza ufunguo. Taa zikififia sana na stata ikalia tik-tik-tik, moto wa betri hautoshi. Taa zikibaki kali huku stata ikilia tik moja au kunyamaza, shuku stata au waya wake. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, iache betri; tafuta mafuta au cheche. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10, na ipumzishe stata dakika moja kabla ya kujaribu tena. Betri nyingi nzima humalizwa na dereva mwenye haraka.

Betri

Kwa gari la kulala, anza na jokofu. Likitumia betri ya stata usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, 12.2 ni kama nusu. Tiba ya kudumu ni betri ya pili ya vifaa vya ndani, iliyotenganishwa na ile ya stata.

Hata hivyo, usinunue betri mpya kabla ya kukagua vichwa vyake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto, sugua kwa msasa, kausha, kaza chanya, kisha hasi. Ufuate pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na injini. Mtikisiko wa barabara mbovu hulegeza nati hiyo, na wengi hubadilisha stata isiyo na kosa.

Ukipata gari la kubusti, hakikisha nalo ni la volti 12. Malori mengi ni ya volti 24, nayo yanaweza kuunguza vifaa vyako. Shukuru, lakini usikubali. Unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri, kwa kuwa gesi yake hulipuka kwa cheche. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa: washa swichi, tia gia ya pili, achia klachi likishashika mwendo.

Mafuta na cheche

Mafuta ya kwenye madumu yatazame katika chupa angavu. Maji hukaa chini. Petroli ikinuka sana, injini imelowa: ngoja, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho ukipiga stata. Katika injini yenye platini, zisafishe na ukague plagi.

Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia kwenye mipira. Ukishaongeza mafuta, legeza skrubu ya kutolea hewa na upampu kwa mkono hadi mapovu yaishe. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, ngoja taa ya hita izime kabla ya kupiga stata.

Ikishindikana

Weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Matawi ya miti ni nyongeza tu. Usipike kwa mkaa ndani ya gari lililofungwa, hata mvua ikinyesha: gesi ya mkaa huua usingizini. Ukimpigia fundi Tabora au Kigoma, mtajie aina ya injini, mlio uliousikia na volti ulizosoma, ili aje na kipuri kinachofaa.