Kuuza Kisichokuwa Mkononi: Darsa kwa Wauzao na Wanunuao kwa Simu

 

Katika masala ambayo watu wa zama hizi wameyafanya mepesi, nayo ni mazito, ni masala ya kuuza kitu ambacho muuzaji hanacho. Twawaona ndugu zetu wenye kuhifadhi sala tano kwa nyakati zake, ambao ukiwauliza khabari ya udhu hukujibu vizuri; lakini ukiwauliza mali waliyoiuza jana ilikuwa ya nani wakati walipoiuza, hunyamaza. Ni kana kwamba mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi uliandikiwa watu wengine. Na hali wanafunzi wetu wa pwani, wasomapo Minhaj ya Imam Nawawi, hawaishii kwenye mlango wa sala na saumu. Hupita hapo wakafika kwenye mlango wa kuuza na kununua, wakafundishwa sharti moja baada ya jingine. Sharti hizo ziliwekwa zilinde mali za watu.

Mfano wa darsa hii tumeutoa mji wa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, nasi tuna sababu mbili. Ya kwanza ni hali ya mji wenyewe. Nchi ile ilikuwa malisho ya mifugo ya Wamasai, na leo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ni mji wa watu zaidi ya 150,000. Uko kwenye barabara ya Namanga, kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi, na wakazi wake wengi huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi wakarejea usiku. Mtu kama huyo hana wasaa wa kuzunguka madukani. Basi hununua kwa simu yake, akiwa ndani ya matatu.

Sababu ya pili ni kwamba Kitengela, pamoja na kuwa karibu na Nairobi, iko nje ya mpaka wake. Na wauzaji wengi wa kwenye simu huandika katika matangazo yao kwamba aliye Nairobi atalipa akipokea, na aliye nje ya Nairobi atalipa kabla ya kutumiwa. Kwa hivyo mtu wa Kitengela huagana na fedha zake kabla hajakiona kitu kwa macho wala kukigusa kwa mkono. Na ikiwa hayo humfika yeye aliye umbali wa saa moja, basi aliyeko Malindi au Lamu na ajitazame.

NAMNA IFANYWAVYO

Biashara hii wenyewe huiita dropushipingi. Tutaieleza kwa mfano wa kukadiria, ili kila mtu aifahamu.

Mtu ana simu, hana duka wala ghala. Huchukua picha ya mashine ya kusagia matunda kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Nairobi ambaye bei yake ni shilingi 2,800. Huiweka picha ile kwenye ukurasa wake wa Facebook, Instagram au TikTok, au kwenye WhatsApp, kisha huandika bei ya shilingi 4,500. Mama mmoja wa Kitengela huiona, akaipenda, akatuma shilingi 4,500 kwa M-Pesa pamoja na nauli ya mzigo. Hapo ndipo muuzaji yule humpelekea mwenye duka shilingi 2,800, na jina la mama na namba yake ya simu. Mwenye duka huufunga mzigo, akaupeleka kwenye kituo cha matatu za Kitengela, nao ukafika jioni. Muuzaji amepata shilingi 1,700, na ile mashine hakuiona hata siku moja.

Wengine mwenye mali wao hayuko Nairobi, yuko China. Hapo mzigo hukaa njiani wiki nyingi, na ufikapo hutakiwa kulipiwa ushuru wa forodha na kodi, jambo ambalo mnunuzi pengine hakuambiwa. Kadhalika yako masoko makubwa ya kwenye intaneti, kama Jumia iliyoanza Kenya mwaka 2013, na Kilimall iliyofuata mwaka 2014. Humo wauzaji ni wengi, na mwenye soko aghalabu siye mwenye mali. Masoko hayo hatuyatii doa. Twataka msomaji ajue tu kwamba jina la soko si jina la muuzaji, na kila mmoja ana majukumu yake.

Mzigo ukifika salama, watu wote huridhika, wala hakuna aulizaye. Masala huja siku unapofika na kasoro. Mama huifungua mashine, akaikuta haizunguki. Humpigia muuzaji, naye husema: "Mimi sikuigusa, muulize aliyeituma." Humtafuta mwenye duka, naye husema: "Wewe sikukuuzia, mimi namjua niliyemuuzia." Mama husimama baina ya watu wawili, mmoja amechukua fedha zake bila ya kuwa na mali, na mwingine alikuwa na mali lakini hana mapatano naye. Faida imegawanywa juu, na khasara imeangukia chini, kwa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Wala hayo siyo madhara ya peke yake. Picha huwa nzuri kuliko kitu. Kitu huwa kimeisha dukani, na muuzaji hajui, kwa sababu duka si lake. Naye hukaa na fedha za watu siku kumi akiwaambia subirini. Na namba ya simu ya mnunuzi na mahali akaapo hupewa watu asiowajua, wala hakuombwa idhini.

HUKUMU YAKE

Masala haya si mapya kama watu wadhanivyo. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah kwamba sahaba Hakim bin Hizam (r.a.), ambaye alikuwa mfanyabiashara, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mtu amjiaye akitaka kununua kitu, naye hana, akamuuzia kisha akaenda sokoni kukinunua. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Na atazame mwenye akili: hilo swali la Hakim ndilo jambo lifanywalo leo, ila soko la wakati ule liliendewa kwa miguu, na la leo huendewa kwa kidole.

Imethibiti vilevile katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza chakula alichokinunua kabla hajakipokea. Na imethibiti katika Muslim kwamba alikataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo mwisho wake haujulikani. Na wanavyuoni wametwaa katika hadithi zake kanuni kubwa, kwamba faida hufuatana na dhamana: anayekula tamu ya kitu ndiye abebaye uchungu wake. Muuzaji wetu wa mfano amekula shilingi 1,700. Je, amebeba nini? Lau ile mashine ingalivunjika njiani, khasara ingalikuwa ya nani? Akisema si yake, basi amekula faida isiyokuwa na dhamana, na hapo ndipo ulipo ubaya wa jambo hili.

Ubaya haumo katika simu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda cha mwaka 1990, ilikubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya kupelekea khabari baina ya watu walio mbalimbali, na katika kikao hicho hicho ilikubali kwamba kupokea mali kwaweza kuwa kwa hukumu, bila ya kuishika kwa mkono, maadamu mtu amepewa mamlaka juu yake. Wala ubaya haumo katika kupata faida, kwani faida ni halali ya mfanyabiashara.

Husema baadhi ya watu: "Mbona wazee wetu waliagiza bidhaa kutoka Bara Hindi na Arabuni, nazo zikaja kwa majahazi, na hawakulaumiwa?" Twajibu kwamba mwenye kuagiza aliagiza kwa fedha zake, na jahazi likizama na mali yake, khasara ilikuwa yake. Hakwenda mlangoni kwa mama mjane kumwambia: fedha zako ninazo, bahari ndiyo iliyokudhulumu.

MILANGO YA HALALI

Twajua kwamba wengi waifanyao kazi hii ni vijana wasiokuwa na rasilimali, na kwamba ajira ni haba. Hatuwaambii wakae bure. Sharia haikufunga mlango mmoja illa imefungua mingine, na hapa iko mitatu.

Wa kwanza ni uwakala. Kijana na amwambie mnunuzi wazi: "Mali hii si yangu, mimi nitakununulia Nairobi kwa bei yake, na ujira wangu ni shilingi kadha." Au apatane na mwenye duka amletee wanunuzi, na mwenye duka ampe ujira uliojulikana. Hapo hana haja ya kuficha jina la duka, na mnunuzi anamjua wa kumrudia. Lakini wakala wa mnunuzi haimjuzii kuongeza bei kwa siri, kwani hiyo ni khiyana katika amana.

Wa pili ni kuimiliki mali kwanza. Na ainunue hata moja, iingie katika dhamana yake, aipokee yeye au mtu aliyemuwakilisha, kisha ndipo aiuze. Aliye na shilingi 2,800 ataanza na mashine moja. Akiiuza, atanunua nyingine.

Wa tatu ni salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya msimu wake, akawaruhusu kwa sharti ya kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, salam ni kitu cha kusifiwa kilicho katika dhima ya muuzaji, na thamani yake yote hulipwa papo hapo katika kikao. Kwa ajili ya sharti hili la mwisho, Majmaa tuliyoitaja iliitoa salam katika rukhsa yake ya mikataba ya mbali. Basi anayeitaka kwa njia ya simu na awaulize wanavyuoni kwanza, na ahakikishe fedha zote zimelipwa wakati wa kufunga mapatano. Na ajue kwamba katika salam yeye ndiye mdaiwa: kitu kikija kinyume cha sifa, mnunuzi atakikataa, naye hana njia ya kusema "mimi sikukigusa".

YAMPASAYO MNUNUZI

Mnunuzi naye asiwe mjinga wa mali yake. Kabla ya kutuma fedha na aulize: Kitu hiki unacho sasa hivi, au utakitafuta? Kikiharibika njiani, khasara ni ya nani? Nikikirudisha, nitakirudisha wapi, na kwa nauli ya nani? Muuzaji mkweli hujibu. Mwenye kukasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Kisha na ataka mapatano kwa maandishi, japo kwa ujumbe wa simu, wenye bei, sifa na siku ya kufika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika madeni yenye muda, nasi twaona haya kuandika, kisha twagombana. Na atazame jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hajathibitisha, kama ndilo jina la anayemuuzia. Kurudishiwa fedha kwa M-Pesa kumewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Hakukuwekwa kuwe kadhi wa wauzaji na wanunuzi.

Na ajue haki yake katika sheria za nchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahiki, kupewa khabari za kumfaa, na kulipwa fidia akidhurika kwa ubovu wake. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka auzaye kwa intaneti aeleze mambo yanayohusu mauzo kabla ya kufunga mapatano, na ampe mnunuzi nakala ya maandishi. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu huweza kusimama humo bila ya wakili. Kudai haki yako kwa njia hizo si ugomvi. Ni kumzuia ndugu yako asiendelee na dhulma.

Neno letu la mwisho ni kwa watu wa nyumbani. Wako dada zetu wa Mombasa na miji mingine ya pwani wauzao mabaibui na vitambaa vya Dubai kwa picha za simu, nao ni watu wa dini na wenye haya. Wao pia darsa hii inawahusu. Mwenye kuuza na aseme kweli: hili ninalo, hili naliagiza, hili nauza kwa uwakala. Neno hilo moja halimpunguzii riziki aliyoandikiwa, na humuondolea mnunuzi giza. Wala mtu asingoje kushtakiwa. Aliyechukua fedha za mtu na mzigo haujafika, na azirudishe leo. Na aliyeuza kitu kikatoka kibovu, na akibadilishe kwa mali yake, kisha yeye ndiye amtafute mwenye duka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.