Mshauri wa Unyonyeshaji Hufunzwa Nini?

Lalamiko ambalo daktari wa Likoni, Kisauni au Changamwe hulisikia mara nyingi kutoka kwa mama aliyejifungua juzi ni hili: "Daktari, sina maziwa."

Mara nyingi maziwa anayo. Ni mtoto ambaye hajalishika ziwa sawasawa. Amefyonza chuchu tupu, chuchu ikapasuka, mama akaumia na kuanza kumnyima mtoto ziwa. Na kwa kuwa ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa, maziwa nayo yakapungua kweli. Siku ya tano kopo la maziwa ya unga liko mezani. Katika nyumba ambamo maji hununuliwa kwa mtungi, kopo hilo huweza kuleta kuhara, na kuhara kwa mtoto wa wiki 3 humaliza maisha upesi.

Kumsaidia mama huyu ni ufundi, na ufundi hufunzwa. Wasomaji wengi, hasa wauguzi na wahudumu wa afya wa mitaani, wangependa kujua mafunzo hayo yakoje.

Mwaka wa 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua 10 za kufuatwa na hospitali za uzazi. Hatua ya pili ilihusu kuwafunza wafanyakazi. Mwaka wa 1991 ukaanzishwa mpango wa hospitali rafiki kwa watoto, na mwaka wa 1993 ikatolewa kozi ya ushauri wa unyonyeshaji ya saa 40. Kati ya hizo, saa 8 ni za kazi wodini na kliniki, pamoja na akina mama wenyewe. Ipo pia kozi fupi ya saa 20 kwa wafanyakazi wa wodi ya uzazi.

Mwanafunzi huanza kwa kujifunza kutazama. Mtoto aliyeshika vizuri huwa na dalili 4: kinywa kimefunguka wazi, kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini. Haya hufundishwa kwa mwanasesere na ziwa la kitambaa kabla ya kumgusa mama yeyote. Hujifunza pia kukamua kwa mkono, kumnywesha mtoto kwa kikombe badala ya chupa, na kupima kama maziwa yanatosha: mtoto akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake uongezeke walau gramu 500 kwa mwezi.

Lakini sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ulimi. Sisi wa hospitali tumezoea kuamuru. Kozi humkataza mshauri kutumia maneno ya kuhukumu. Muuguzi akiuliza, "Mtoto ananyonya vizuri?" mama hujiona yuko kwenye mtihani na hujibu "ndiyo" ili ayamalize. Akiulizwa, "Mtoto ananyonyaje, mama?" atasimulia. Akisema, "Usiku analia sana, nadhani hashibi," mshauri hambishii wala hakubali kwamba hashibi. Humrudishia maneno: "Kumbe usiku analia, nawe una wasiwasi." Humsifu kwa lile analofanya sawa, kisha hupendekeza jambo moja au mawili tu. Muuguzi hodari wa miaka 20 kazini huweza kutokwa jasho katika zoezi hili kuliko msichana aliyemaliza chuo jana.

Hapa kwetu ulimi huo unahitajika hasa kwa bibi wa mtoto. Ndani ya arobaini, bibi ndiye mwenye wodi. Yeye ndiye aletaye maji ya sukari na dawa ya chango. Mshauri aliyefunzwa huketi naye kwanza, amwamkie, asikilize. Asigombane na tende anayoonjeshwa mtoto akizaliwa, kwani kwa Waislamu hiyo ni sunna na hufanywa mara moja. Ashughulike na vile vinywaji vya kila siku vinavyomjaza mtoto tumbo asinyonye. Zaidi ya hayo, Kurani yenyewe hutaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha, na bibi analijua hilo kuliko muuguzi.

Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2016 unasema akitumia dawa zake barabara anaweza kunyonyesha hadi miezi 24 au zaidi, huku miezi 6 ya kwanza ikiwa ya maziwa ya mama pekee. Mshauri asiyejua haya huogofya watu bure.

Anayetaka kubobea kabisa huweza kufanya mtihani wa bodi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka wa 1985. Hudai saa 90 za masomo ya unyonyeshaji na 5 za mawasiliano, na mamia ya saa za kuhudumia akina mama. Kwa muuguzi au daktari anayepitia njia ya kawaida ni saa 1,000. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5. Ni njia ndefu na ya gharama, nami sioni kama kila kliniki ya Mtongwe au Mlaleo inahitaji mtu wa ngazi hiyo. Inahitaji wauguzi wawili wa saa 40, wasiohamishwa mara tu wanapohitimu.

Je, kuna faida? Mwaka wa 2003, uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kuwa asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi 6 walilishwa maziwa ya mama pekee. Mwaka wa 2014 walikuwa asilimia 61. Mafunzo yalikuwa sehemu ya kazi hiyo, ingawa si yote. Mwaka wa 2022 ilikuwa asilimia 60, yaani tumekwama.

Neno moja kwa anayetafuta kozi: uliza nani anailipia. Sheria ya mwaka wa 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo nchini. Mwuza maziwa hayo hafai kuwa mwalimu wako. Uliza pia ni saa ngapi utakaa na akina mama wanaonyonyesha, ukitazamwa na mkufunzi. Wakikujibu hakuna, tafuta kozi nyingine.