Kila Mtungi wa Maji Una Umeme Ndani Yake

Ukifungua mfereji Malindi, Watamu au Kilifi mjini, maji yanayotoka yamesafiri. Mengi yake hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako pampu huyavuta kutoka visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto na kuyasukuma kwa mabomba hadi Malindi, na kwa upande wa kusini hadi Kilifi na Mombasa. Pampu hizo hula umeme usiku na mchana. Ndiyo maana wakazi wa Pwani wamewahi kukaa na mifereji mikavu si kwa sababu mto umekauka, bali kwa sababu umeme wa pampu umekatwa kwa deni la bili.

Jambo hilo moja latosha kuonyesha kwamba mpango wa maji ulioandikwa bila kuangalia kawi ni nusu ya mpango. Tena kawi hiyo ikitoka kwa dizeli au mafuta mazito, kila mtungi unaojazwa huacha moshi mahali fulani. Katika toleo hili tunaeleza namna mambo haya mawili yanavyofungamana, ili mkazi anapoingia katika kikao cha maoni ya umma awe na maswali ya kuuliza.

Hesabu ya kisima kimoja

Mita moja ya ujazo ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, na uzito wake ni tani moja. Kuinua tani hiyo mita 100 kwenda juu kunahitaji takriban uniti 0.27 za umeme, uniti hizo hizo unazonunua kwa tokeni. Hapo tumehesabu kana kwamba hakuna kinachopotea. Pampu na mota hupoteza, na pampu nyingi za vijijini hutumia karibu maradufu. Tuseme uniti 0.55.

Sasa chukua kisima cha kijiji kinachotoa mita za ujazo 100 kwa siku, mitungi 5,000, na maji yake yanapanda mita 100 kutoka ndani ya kisima hadi mdomo wa tangi. Kisima hicho kinahitaji uniti 55 kila siku. Kikiendeshwa kwa jenereta inayokula theluthi moja ya lita ya dizeli kwa kila uniti, hesabu inafika takriban lita 18 kwa siku. Kila lita ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Kwa siku moja ni karibu kilo 49, na kwa mwaka ni tani 18, kutoka kisima kimoja tu.

Kijijini hakuna atakayeziona tani 18. Watakachokiona ni lita 18 za dizeli zinazotakiwa kila kunapokucha, na kamati ya maji inayojiuliza nani atazilipia. Wengi wetu tumepita kando ya kisima kilichochimbwa kwa pesa nyingi, jenereta imefungiwa kibandani, na akina mama wamerudi kuteka maji bwawani pamoja na ng'ombe. Kuchimba ni gharama ya mara moja. Kuinua maji ni gharama ya kila siku, na ndiyo inayosahaulika katika bajeti.

Kisima hicho hicho kikiunganishwa na gridi ya taifa, hali hubadilika sana. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, mito, upepo na jua. Kwa hivyo ikiwa lengo ni kupunguza gesi chafu, hatua inayoleta faida kubwa na ya haraka zaidi ni kuziondoa pampu kwenye dizeli, hata kabla ya kuzungumzia paneli. Kuweka paneli kwenye pampu ambayo tayari iko kwenye gridi ni jambo jema, lakini hapo kinachopungua zaidi ni bili kuliko moshi. Tofauti hiyo ni muhimu pale pesa zinapokuwa chache na ni lazima kuchagua kijiji kitakachotangulia.

Ukame wa mbali, bili ya hapa

Uhusiano huu una upande wa pili, kwa kuwa umeme wenyewe unategemea maji. Mto Tana una mabwawa matano ya kuzalisha umeme yaliyofuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikikosa kunyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa hayo hushuka na umeme wa maji hupungua. Pengo hilo huzibwa na mitambo ya mafuta, na baadhi ya mitambo hiyo iko huku kwetu Pwani: Kipevu kule Mombasa, na Rabai, humu humu katika kaunti yetu, wenye uwezo wa megawati 90.

Mitambo hiyo ikiwashwa kwa wingi, moshi huongezeka na gharama ya mafuta kwenye bili za umeme hupanda, kwa sababu kiwango chake hurekebishwa kila mwezi. Bili ya kampuni ya maji nayo hupanda, tena katika miezi ile ile ya kiangazi ambapo mabwawa ya mifugo yamekauka na kila mtu anataka maji ya mfereji. Ukisoma bili au ujumbe wa tokeni kwa makini utaona pia tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hiyo ni ada ya maji yanayotumiwa kuzalisha umeme. Wewe na mimi tunalipia maji ndani ya bili ya umeme, na umeme ndani ya bili ya maji.

Mteremko, pampu na bahari

Pwani ina mfano mzuri wa maji yasiyohitaji pampu ya kuyasafirisha. Bomba la Mzima, lililokamilika miaka ya 1950, huleta maji kutoka chemchemi zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi hadi Mombasa, safari ya takriban kilomita 220, na yanateremka kwa uzito wake yenyewe. Wahandisi waliochora bomba hilo hawakuwa wakifikiria mabadiliko ya tabianchi, lakini kazi yao hadi leo haidai dizeli.

Swali linalorudi kila mara katika mikutano ni kwa nini tusisafishe maji ya bahari ilhali bahari iko mlangoni. Inawezekana, na nchi nyingi za Ghuba huishi kwa maji hayo. Lakini kuondoa chumvi kwenye mita moja ya ujazo ya maji ya bahari, hata kwa mitambo ya kisasa, hula takriban uniti 3 hadi 4. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya kisima, hiyo ni sawa na kuinua maji yale yale zaidi ya mita 500 kwenda juu. Kwa hivyo anayependekeza mtambo wa bahari aulizwe papo hapo umeme wake utatoka wapi na kwa bei gani. Maji ya kisima yenye chumvi kiasi, kama tunavyoyapata sehemu nyingi za Magarini na Ganze, husafishwa kwa kawi ndogo kuliko hiyo.

Mabomba yanayovuja

Kuna kawi nyingine ambayo hatuhitaji kuizalisha. Kitaifa, katika kila lita 100 zinazosukumwa na kampuni za maji, takriban 45 hazilipiwi. Baadhi huvuja, nyingine huibiwa, na nyingine hupita kwenye mita mbovu. Umeme wa lita zote 100 umeshatumika.

Fanya hesabu. Kampuni inayopoteza asilimia 45 lazima isukume lita 182 ili iuze lita 100. Ikishusha upotevu hadi asilimia 25, itasukuma lita 133 kuuza zile zile 100. Umeme wa kusukuma unapungua kwa zaidi ya robo bila paneli moja kununuliwa. Kuziba bomba hakuna sherehe ya kukata utepe, na pengine ndiyo maana huwa halipigiwi makofi, lakini ni miongoni mwa njia za bei nafuu zaidi za kupunguza gesi chafu katika sekta ya maji.

Kuna pia suala la saa. Usiku matumizi ya umeme nchini hushuka, na mvuke wa Olkaria na upepo wa Marsabit huwa na nguvu ya ziada. Wateja wakubwa wa Kenya Power wanaotimiza masharti hutozwa bei nafuu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kituo chenye tangi kubwa kinaweza kujaza usiku na kugawa mchana. Kituo chenye tangi dogo hakina hiari hiyo, kinasukuma maji wakati watu wanayahitaji. Ukubwa wa tangi basi ni uamuzi wa kawi, ijapokuwa huandikwa kwenye karatasi za idara ya maji.

Jua ni bure, kisima si bure

Kwa vijiji vilivyo mbali na nyaya, pampu ya jua ndiyo jibu la kwanza. Eneo letu lina jua la kutosha; mtambo wa jua wa Langobaya, unaouza umeme wake kwa gridi, ni ushahidi. Paneli nzuri hudumu takriban miaka 25, ingawa pampu na vifaa vya kuiendesha huchoka mapema, na kamati iweke akiba ya kuvibadilisha. Betri mara nyingi si lazima: jaza tangi lililoinuliwa mchana, na usiku maji yatateremka yenyewe. Tangi ndilo betri.

Hatari yake haizungumzwi vya kutosha. Dizeli, kwa ubaya wake wote, ilikuwa na breki: ikiisha, pampu husimama. Jua halina breki. Kisima kikivutwa kutoka asubuhi hadi jioni kila siku, usawa wa maji hushuka, na ukanda wa karibu na bahari hali ni mbaya zaidi kwa sababu maji ya chumvi huingia kuchukua nafasi. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha huchukua miaka. Kwa hivyo pampu ya jua iwekwe pamoja na mita, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kiwango cha kila siku ambacho kamati inakiheshimu.

Moshi wa jikoni

Sehemu hii haionekani katika mipango mingi. Kuchemsha mtungi mmoja wa lita 20 kwa jiko la makaa hula karibu kilo moja ya makaa. Joto linaloingia majini pekee ni sawa na uniti 1.7 za umeme, wakati kuinua mtungi huo huo mita 100 kwa pampu hula uniti 0.011 tu. Familia isiyoamini maji yake inatumia kawi zaidi ya mara 150 kuyachemsha kuliko pampu ilivyotumia kuyaleta. Klorini inayowekwa vizuri kituoni, pamoja na mabomba yasiyopitisha uchafu, huokoa miti ya Ganze na Magarini na pesa ya mama wa nyumbani kwa pamoja.

Wapi pa kuuliza

Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za maji na usafi, na pia usambazaji wa umeme na gesi chini ya mipango ya kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila serikali ya kaunti kuandaa mpango wa kawi. Hakuna sheria inayozuia idara hizo mbili kukaa meza moja.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni ya wakazi huchukuliwa kabla ya tarehe hizo. Mradi wa maji wa wadi yako ukisomwa, uliza maji yatainuliwa mita ngapi, kwa kawi gani, bili ya mwezi itakuwa kiasi gani na nani atailipa, tangi litabeba maji ya siku ngapi, na kisima kinaruhusiwa kutoa mita ngapi za ujazo kwa siku. Maswali hayo yakiandikwa kwenye fomu ya maoni huingia katika kumbukumbu za kikao. Yakisemwa nje ya ukumbi baada ya mkutano, hayaingii.