Matendo 15 Jikoni Kwetu Tarime



Nikisema nafundisha nyumbani, msifikiri wanangu hawaendi shule. Wanaenda, na sare nafua mwenyewe. Ila shule inafunga saa tisa, na likizo ya Desemba ni ndefu. Nani anawafundisha hapo? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unasema wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao, na kwamba wakishindwa ni vigumu sana kupata wa kuziba pengo hilo. Sasa huku kwetu Tarime na Serengeti, Desemba siyo mwezi wa mchezo kwa binti wa miaka kumi na miwili. Kila baada ya mwaka mmoja, ule mwaka wa namba shufwa, wazee wa mila wakiruhusu, ngariba wanaanza kazi. Binti aliyekaa bure nyumbani, bila kitabu na bila mtu wa kumjibu maswali, atajibiwa na wengine.

Kwa hiyo tunasoma. Jioni, ugali ukishapikwa, taa ya sola inatundikwa kwenye msumari, kila mtu na kigoda chake. Kitabu tulichonacho mkononi msimu huu ni Utenzi wa Matendo ya Mitume wa Mwalimu Nyerere. Wengi mnamjua Mwalimu wa siasa tu. Huyu jirani yetu wa Butiama aliziweka Injili zote nne, pamoja na Matendo, katika utenzi wa Kiswahili, na Wabenedikti wa Ndanda na Peramiho wakavichapa mwaka 1996. Kabla ya hapo alikuwa amemtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, yote hayo akiwa rais wa nchi. (Halafu wewe kijana wa VIWAWA unaniambia huna muda wa kusoma!) Utenzi una faida moja kubwa nyumbani: unasomeka kwa sauti, mizani inambeba hata mtoto anayesuasua kusoma. Binti yangu anasoma utenzi, mdogo wake anafuata sura hiyohiyo katika Biblia, tunalinganisha.

Tulipofika sura ya 15 binti akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama, hii tohara wanayogombania hapa ndiyo ile ya huku?"

Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanzia, na sikulikimbia.

Kwanza tulirudi Mwanzo 17. Tohara aliyopewa Abrahamu ilikuwa ya wanaume. Hakuna mahali popote katika Biblia, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, Mungu anapoagiza msichana akatwe. Pili, tukatazama ugomvi wa Antiokia. Watu walitoka Uyahudi wakiwaambia waamini wapya kwamba bila tohara hawaokoki. Paulo na Barnaba wakakataa, neno likapelekwa Yerusalemu. Wazee na mitume wakakaa, Petro akasema, Yakobo akasema, wakaandika barua ikapelekwa na Yuda Barsaba na Sila. Hawakuwatwisha watu wa mataifa tohara. Angalia: hiyo ilikuwa desturi yenye asili katika agano la Mungu mwenyewe, na bado Kanisa halikuifanya mlango wa kuingilia. Itakuwaje basi kisu cha ngariba, ambacho Mungu hakukiagiza kabisa, kiwe ndicho kinachomfanya binti kuwa mtu?

Mama mkwe wangu alikuwa pale, anachambua maharage. Hajui kusoma, lakini utenzi anaupenda, anautikisia kichwa. Nilijua anasikiliza. Ni yeye ambaye huwa anauliza binti atakuja kuolewa na nani.

"Hao wazee wa Yerusalemu," akasema, "walikaa kikao?"

"Walikaa, mama."

"Basi na hawa wetu wakae." Akaendelea na maharage yake.

Sikusema neno. Sijui kama amebadilika, na si kazi yangu kumshangilia mapema. Lakini tangu siku ile hilo swali la kuolewa sijalisikia.

Mtaambiwa kwamba kukataa kukeketwa ni kukana Ukurya. Mtazameni tena Mwalimu. Alizaliwa kwa chifu wa Wazanaki mwenye wake wengi, na meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya kabila lake. Alibatizwa akiwa mtu mzima tayari, tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina Julius. Alioa mke mmoja. Hivi leo utamkuta wapi kijana wa Kizanaki aliyechongwa meno? Na Wazanaki bado ni Wazanaki, lugha yao wanayo, Butiama ipo palepale. Mwenyewe alizikwa huko mwaka 1999, nyumbani kwao. Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wake mwaka 2005, ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu.

Kwa dada anayesoma haya akiwa na hofu ya Desemba: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Kusema siyo kumsaliti baba yako. Piga 116, simu ya mtoto, bure. Mwambie katekista, sista, mwalimu unayemwamini, mwenyekiti wa jumuiya. Tarime kipo kituo cha Masanga, Serengeti kuna nyumba salama Mugumu, wasichana wanapokelewa. Nenda mapema, usingoje ngoma zianze kulia.

Na kwa kaka: hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Wazazi wengi wanakeketa kwa sababu yako, wakiamini hutaoa asiyekeketwa na kwamba ng'ombe za mahari zitapungua. Ukisema hadharani, kwenye jumuiya, mbele ya baba zako, kwamba wewe utamwoa hivyohivyo alivyoumbwa, umeondoa sababu yao kubwa.

Sisi wiki hii tumeingia sura ya 16, kwa Lidia mwuza nguo za zambarau. Mama mkwe anataka kujua alikuwa anauza shilingi ngapi.